Bolti imekatikia ndani ya injini

Jamani Jumapili yote nimeshinda chini ya boneti ya Corolla yangu hapa Arua, Uganda. Kazi ilikuwa ya nusu saa tu, kubadilisha gasketi ya manifodi ya eksozi, ile ya kuziba pale bomba la moshi linapoungana na injini, maana gari limeanza kulia kama trekta, basi nikaweka spana ya 12 kwenye bolti ya mwisho kule nyuma, nikavuta, nikahisi imelainika, nikafurahi, kumbe ndo inakatika! Kichwa kikabaki kwenye spana, shina limebaki kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini, limechomoza kidogo kama jino la mtoto.

Nikamwagia oili, nikagonga, nikaibana na vaisi gripi, lile koleo linalojifunga, inateleza tu. Kijana wa jirani kaja na drili eti tutoboe, nikamwambia weee, hedi ni alumini na bolti ni chuma kigumu, drili ikihama kidogo tu tumeua hedi, nitaenda kununua nyingine Kampala kwa hela gani?

Mwishowe nikamwita mzee anayechomelea mageti pale barabarani. Tukatoa waya wa betri kwanza, akavisha nati juu ya kile kipande akajaza weldi katikati. Ilipopoa kidogo tukaipeleka mbele nyuma, mbele nyuma, polepole, ikalia kiiii halafu ikaanza kutoka, kutu nyekundu kama vumbi la huku kwetu. Mzee kachukua elfu kumi na chai.

Hiyo nati nimeiweka dirishani, mama watoto anauliza ya kazi gani.