Buni zile zile: siku yangu moja nyuma ya kaunta, Moshi

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua mlango wa mgahawa na kuwasha mashine ya espreso kabla hata sijavua koti, maana inataka karibu nusu saa ipate moto sawasawa. Leo tunaanza mfuko mpya: arabika ya Kibosho, imekaangwa wiki iliyopita, mkaango wa wastani. Tuliyomaliza jana ilikuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo kinu changu hakijui lolote kuhusu hii.

Napima gramu 18 za kahawa. Shoti ya kwanza, yaani mkamuo mmoja wa espreso, inamwagika kwa sekunde 16, rangi ya chai. Naonja: ukwaju mtupu, mdomo unajikunja. Nasaga laini zaidi. Ya pili inadondoka kwa tabu mpaka sekunde 41, chungu hadi kooni. Ya tatu, sekunde 28, gramu 36 kikombeni, na hapo ndipo utamu unajitokeza. Maji hayakubadilika, wala mgandamizo wa baa 9. Nilichogusa ni ukubwa wa chenga tu. Maji yakipita mbio yanabeba uchachu na kuuacha utamu nyuma. Yakikawia yanakomba kila kitu, uchungu nao humo humo. Nimeshakunywa shoti tatu na sijala hata andazi.

Saa 2. Watu wa maofisini. Maziwa, maziwa, maziwa. Kwenye maziwa mengi namna ile ningeweza kukosea sekunde tano na asiwepo wa kunigundua, lakini sikosei, ni ubishi wangu tu.

Saa 4. Wageni wawili walioshuka mlimani jana wanaingia wakitembea kama wamevaa viatu vya mawe. Wanataka “kahawa ya Kilimanjaro yenyewe”, bila maziwa. Natoa V60, ile faneli ya Kijapani iliyopewa jina kwa pembe yake ya nyuzi 60. Gramu 15 za kahawa, 250 za maji. Hapa mjini kwetu maji huchemka karibu nyuzi 97, si 100 kama pwani, kwa hiyo sina haja ya kuyapoza sana. Nalowesha karatasi kwanza, la sivyo kahawa itanuka daftari. Kisha maji kidogo, unga unaumuka na kutoa mapovu, nasubiri sekunde 40, naendelea kumwaga taratibu kwa kuzungusha. Dakika tatu, imekwisha.

Karatasi inanasa mafuta na vumbi lote. Kinachobaki ni chepesi, kinang’aa, na ule uchachu ulionikera alfajiri sasa umetulia kama wa chenza. Mmoja akaniuliza kama nimekamulia ndimu.

Saa 7:15. Umeme unakatika. Mashine ya milioni kadhaa imegeuka kabati la vikombe. Nakimbilia jiko la gesi, kinu cha mkono na ile presi ya kioo yenye chujio la waya. Hapa nasaga chenga kubwa, kama chumvi ya mawe, namwagia maji, nasubiri dakika nne, nakandamiza. Waya hauzuii mafuta, kwa hiyo kahawa inatoka nzito, inakaa ulimini, na mashapo yanatulia chini ya kikombe.

Dada mmoja, mteja wetu wa kila siku, akanywa mafunda mawili akanitazama.

“Mmebadilisha kahawa?”

“Ni ile ile ya asubuhi, dada.”

“Usinidanganye. Hii ina chokoleti.”

Nikamletea mfuko aunuse. Hakuamini, lakini aliagiza ya pili. Ya pili hiyo niliisahau kwenye presi dakika kumi nikihangaika na chenji; machicha yalikuwa bado ndani yanaendelea kutoa uchungu. Nikaimwaga nikaanza upya.

Saa 9. Umeme umerudi. Joto kali, kwa hiyo nauza ile ya baridi iliyolala majini usiku kucha na kuchujwa asubuhi. Maji baridi hayachomoi uchachu mwingi. Ni laini, haina makali popote, na mimi binafsi inanichosha.

Saa 12:20 jioni. Sijamaliza kahawa. Naelekea kwa babu wa dele, lile birika la kahawa la mkaani, kijiwe cha jirani na stendi. Wazee walishazoea binti kukaa mwisho wa benchi. Mwanzoni walikuwa wakinyamaza nikifika, sasa wananibishia siasa.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu. Umeuza maji ya kahawa leo?”

Ananitania tangu siku niliyomletea buni zangu za mkaango mwepesi. Alizitwanga, akazichemsha kwenye dele juu ya mkaa kama kawaida yake, akaonja, akatema pembeni. “Hizi mmezikaanga au mmezianika?” Alikuwa na haki. Buni zake amezikaanga mpaka zikawa nyeusi zinazong’aa mafuta, na robusta ya Kagera imo ndani, yenye kafeini karibu maradufu ya arabika. Zinatwangwa na tangawizi, zinachemshwa, zinashushwa, zinarudishwa tena motoni. Kwenye vitabu vyetu kuchemsha ni dhambi. Lakini uchungu ule umekusudiwa: kikombe ni kidogo cha mafunda matatu, na kashata ya karanga ipo mkononi. Ukiondoa kashata umeondoa nusu ya kahawa. Buni zangu kwenye dele lile hazikuwa na uchungu wa kusimama mbele ya sukari, zilibaki na uchachu uliopikwa kupita kiasi.

Mama yangu, aliyechuma kahawa kihambani, shamba letu la ukoo, maisha yake yote, angetucheka sote wawili. Yeye anakunywa chai ya maziwa.

Babu anavisuuza vikombe kwenye ndoo, ananiongeza cha pili bila kuniuliza.

“Ile mliyoianika, imebaki?”

“Ipo babu.”

“Niletee kidogo kesho. Mtwangie ndani tangawizi nyingi, tuone.”