Rufaa ya PIP Uingereza: pointi zilijificha kwenye mita

Barua ya uamuzi wa PIP, msaada wa fedha wa serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, ilitoa pointi 4 za kutembea, zinatakiwa 8 ili kulipwa sehemu ya kutembea. Chanzo ni jibu moja la haraka: "Naweza kutembea mita 100." Kumbe haitoshi kuweza mara moja. Lazima uweze kwa usalama, kwa kurudia, bila kuzidisha mara mbili muda wa mtu mzima wa afya.

Dawa yake ni shajara ya wiki mbili: "Jumanne, mita 40 hadi kituo cha basi, dakika 3, nikakaa dakika 20, sikuweza kurudia." Hiyo inaweza kuwa pointi 8 au zaidi, ikiwa hali ni hivyo katika zaidi ya nusu ya siku zako.

Jopo la rufaa hupima hali yako ya siku ya uamuzi unaoupinga, si ya leo. Mkalimani omba kwenye fomu ya rufaa. Mwanao hatakubaliwa kutafsiri.