Saa Nne ya Usiku, Mara Mbili

Kwa miaka 24 niliendesha magari ya polisi, na kwa hiyo miaka 24 nilikuwa mtu wa kufika mahali, kushusha watu na kuondoka. Kukaa ndani kwa watu, kwenye mkeka, bila kazi ya mikono, nilikuja kujifunza nikiwa na mvi.

Nilianza kutembelea wagonjwa kwa sababu ya lugha. Jirani yangu ni muuguzi wa tiba shufaa, kama wenzetu wa Tanzania wanavyoiita huduma ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Sisi hapa Kampala tunasema tu hospisi. Jioni moja alinipigia hodi akaniuliza kama bado nakumbuka Kiswahili cha kambini. Nilicheka. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya polisi, katika zile nyumba za bati za mviringo tunazoziita uniporti, ambapo baba wa kila mtoto alitoka wilaya yake na watoto wote tulitukanana kwa Kiswahili. Akasema ana mgonjwa, sajenti mstaafu, mtu wa West Nile, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kiganda hakimpandi na Kiingereza kimemkimbia tangu maumivu yalipozidi. Anaguna tu. Njoo utusaidie siku moja.

Hiyo siku moja ina miaka sita sasa.

Nieleze kidogo, maana nikisema nafanya kazi ya kujitolea hospisi watu wanadhani kuna jengo lenye vitanda ambako watu hupelekwa kufa. Huduma ninayoijua mimi humfuata mgonjwa nyumbani. Hapa Uganda ilianza mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alipokuja na kikosi kidogo sana na pesa za miezi michache. Walianzia Nsambya hapa Kampala, kisha wakahamia Makindye, na baadaye vituo vikafunguliwa Mbarara na Hoima. Walichokitanguliza ni mofini ya maji, dawa kali ya maumivu: unga unakorogwa na maji, unatiwa rangi watu wasichanganye nguvu zake. Ya kijani ni nyepesi, ya pinki ni kali. Mgonjwa hailipii. Na tangu mwaka 2004 sheria inamruhusu muuguzi aliyesomea kazi hii kuiandika mwenyewe bila kumngoja daktari, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijathubutu. Bila hiyo sheria jirani yangu angekuwa anazunguka Kampala nzima na mkoba wa maneno matupu.

Sisi wa kujitolea hatuandiki dawa. Tulifundishwa siku chache: kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kuosha kinywa kwa maji ya chumvi, kuripoti maumivu yakibadilika, na kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lilinishinda zaidi.

Basi, sajenti. Sitataja jina lake wala mtaa. Alikuwa na saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani. Chumba kimoja, pazia katikati, sigiri mlangoni, redio isiyozimwa. Mkewe, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza kwa sababu umri wake ulikuwa wa mama yangu, alinipa kiti pekee kilichokuwepo. Niliinuka nimsaidie jerikeni la maji. Akanizuia kwa mkono.

"Kaa. Mgeni hatumwi."

Nilikaa. Nilikaa hivyo kwa wiki nyingi.

Yule mzee alikuwa hajaongea sentensi nzima kwa siku kadhaa. Nilimsalimu kama tunavyosalimiana sisi: "Jambo, afande." Akafungua jicho moja. "Wewe wa kikosi gani?" Nikamwambia ni wa magari. "Ah," akasema, "wezi wa petroli." Muuguzi aliniuliza amesema nini, na nilishindwa kutafsiri.

Kijana wake mkubwa, mwendesha boda, alikuwa amesimama mlangoni na kofia ngumu mkononi. Aliposikia neno mofini alitaka chupa irudishwe. Alisema hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Baba wa rafiki yake aliinywa akafa. Muuguzi hakumbishia. Alimuuliza yule baba alikuwa na hali gani kabla ya kuinywa. Kijana akafikiri. "Alikuwa anapiga kelele usiku." Na baada ya kuinywa? Kijana akanyamaza, akageuza kofia mkononi. "Alikufa bila kelele," akasema mwishowe. Sikuwa na cha kutafsiri hapo pia, waliongea Kiganda. Lakini chupa ilibaki.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimeahidi nafsi yangu kuliandika.

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Maumivu hayangojwi yafike, unayatangulia. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu saa 4 ya usiku dozi mara mbili, ili mgonjwa na mwenye kumuuguza walale mpaka alfajiri. Muuguzi alieleza, mimi nikatafsiri, Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaombwa niandike kwenye karatasi ibandikwe ukutani. Nikaandika kama nilivyoandika kwenye daftari la gari maisha yangu yote: 0600, 1000, 1400, 1800, 2200. Mwandiko safi. Nilijisikia mtu wa maana.

Siku tatu baadaye tukarudi. Mzee alikuwa amejikunja kama herufi, shuka imelowa jasho. Chupa ilikuwa karibu imejaa. Muuguzi aliuliza dawa inatolewaje, na Mama akajibu kwa heshima kabisa kwamba anafuata karatasi ya afande. 0600 ni saa sita, basi anampa saa sita mchana. 1000 ni saa kumi, anampa saa kumi jioni. Hizo nyingine? Aliitazama karatasi. Alidhani ni namba za dawa. Hakuna saa kumi na nne duniani, mwanangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu aliishi siku tatu na mfupa unaowaka moto kwa sababu mimi niliandika saa za kipolisi kwa mama anayehesabu saa kama sisi sote tunavyozihesabu tukiwa na akili timamu, kuanzia jua linapochomoza. Muuguzi hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Aliyeniokoa ni mjukuu, mvulana wa darasa la sita. Alitoa daftari lake la hesabu, akauliza saa zenyewe, akachora. Jua linachungulia mlimani, kijiko kimoja. Jua limepanda, kijiko kimoja. Jua limeanza kushuka, kijiko. Jua linazama, kijiko. Mwezi, na chini yake vijiko viwili. Hakuna aliyemwelekeza. Pembeni akapiga mistari, kila dozi itiwe alama. Kipimo halisi kilikuwa bomba la plastiki lisilo na sindano, lakini mtoto alisema bomba ni gumu kuchora.

Wiki iliyofuata mzee alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, anabishana na redio. Aliita ile dawa waragi wa serikali, kama ile pombe yetu kali. "Miaka thelathini nimewatumikia hawakunipa hata chupa," alisema. "Leo wananiletea mlangoni." Alichokichukia ni mbegu za papai. Mofini inafunga tumbo, na vidonge vya kulainisha choo vikiisha, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zinasaidia. Mama alimwekea kwenye uji. Alikuwa akinitazama mimi kila akimeza, kana kwamba nilizipanda mimi.

Nilimtembelea kila Alhamisi. Ukiniuliza nilifanya nini, jibu ni fupi na la aibu. Nilimnyoa ndevu. Nilikwenda kuchukua chupa mpya Mama alipokuwa na homa. Nilisikiliza habari za Moroto mwaka wa njaa na lori lililokwama mtoni, habari ileile mara nyingi, na kila mara mto ulikuwa mpana zaidi. Siku moja alisimulia jambo alilofanya kazini ambalo mkewe hakulijua. Alilisema polepole, kwa Kiswahili, akitazama pazia. Sitaliandika. Nilitaka kumwambia kwamba ni zamani, kwamba ilikuwa amri, na meno yangu yaliuma kwa kuyazuia hayo maneno. Alipomaliza aliomba maji.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu, ingawa linanitoa njiani. Mjini Kampala wapo bado wanaosikia Kiswahili wakakumbuka askari mlangoni miaka ile ya sabini, enzi za Idi Amin. Nimegonga nyumba nikaona mama mzima anarudi nyuma hatua mbili. Siku hizi nikifika kwa mgonjwa mgeni napiga hodi kwa Kiganda, "Koodi?", na ndani wanajibu "Karibu", na mimi natabasamu peke yangu. Maneno yote mawili ni yetu. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, sawa, nafurahi. Mimi nimekiona kikifanya kazi kwenye chumba kimoja chenye pazia.

Mzee alifariki usiku wa kuamkia Jumapili, mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Kijana wa boda ndiye aliyenipigia. Alisema, "Alilala baada ya ile ya mwezi." Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka mchoro.

Mofini iliyobaki hurudishwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo siipendi kuliko zote: kuingia nyumba ya msiba na kuulizia chupa. Baada ya mazishi kule West Nile familia ilirudi, nikaenda na muuguzi. Tukapima kilichobaki, tukaandika, Mama akatia dole gumba. Daftari la hesabu lilikuwa bado ukutani, limening'inia kwenye msumari kwa uzi. Nilimuuliza mvulana kama naweza kuuchukua ule ukurasa wa jua na mwezi. Alikataa. Alikaa chini akanichorea mwingine, na safari hii akajaribu bomba. Kweli ni gumu kuchora.

Tunaporudisha chupa hatuachi familia hapo. Tunarudi mara kadhaa kuwaona. Alhamisi iliyofuata nilikwenda peke yangu, bila mkoba, bila sababu ya kuonyesha mlangoni. Mama alikuwa anapika angara, ule samaki mkavu wa kwao, na enyasa, ugali wa kwao. Kiti kilikuwa na nguo zilizoanuliwa. Nilikaa kwenye mkeka. Tuliongea bei ya makaa. Tulikaa kimya. Akafunua sufuria, akaonja, akakunja uso, akachomoa noti ya elfu moja kwenye fundo la kitenge.

"Chumvi imeisha," akasema. "Kimbia dukani, na usikawie huko kupiga domo."