Sita ya Kupiga Si Sita ya Kujeruhi

Mpwa wangu alirusha dadu kumi, tatu zikatua na sita. Akaziweka kando kwa uangalifu, kisha akanitazama. "Mjomba, hizi tatu hazina kinga. Ondoa sanamu tatu."

Nikakataa. Yeye akashika kadi ya kikosi chake, mimi nikashika kitabu cha kanuni, na mchezo ukasimama karibu nusu saa.

Tunacheza Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu, toleo la 10, lile la mwaka 2023. Silaha za kikosi chake zilikuwa na Devastating Wounds, na kiongozi aliyeungana nacho alikiongezea Lethal Hits. Hoja yake ilikuwa fupi: sita imepiga, Lethal Hits inasema sita hiyo imeshajeruhi, na Devastating Wounds inasema sita ya kujeruhi haizuiliwi na kinga. "Sita ni sita, mjomba."

Naielewa hoja hiyo. Ukisoma uwezo mmoja mmoja, kila sentensi inakubaliana naye. Kosa linajitokeza pale unapoziweka sentensi mbili pamoja bila kujiuliza kila moja inazungumzia mrusho upi.

Kila shambulio katika mchezo huu hupita hatua zake kwa mfuatano usiobadilika. Unarusha dadu za kupiga. Zilizopiga unazirusha tena kuona kama zimejeruhi. Mwenye kikosi kinachoshambuliwa anarusha dadu za kinga. Kinga ikishindwa, madhara yanahesabiwa na sanamu inapoteza uhai. Kila uwezo una hatua yake, nao hauchungulii hatua ya jirani. Lethal Hits inakaa kwenye kupiga: ukipata pigo kuu, yaani sita ambayo haijaongezwa wala kupunguzwa kitu, shambulio linajeruhi lenyewe. Devastating Wounds inakaa kwenye kujeruhi: inasubiri jeraha kuu, sita tupu katika mrusho wa kujeruhi.

Sasa tazama zile dadu tatu za mpwa wangu. Zimejeruhi bila kurushwa mara ya pili. Kama mrusho wa kujeruhi haukufanyika, hakuna sita ya kujeruhi, na bila sita hiyo hakuna jeraha kuu. Devastating Wounds inabaki mlangoni ikisubiri mgeni aliyepitia njia nyingine. Zile tatu ni majeraha ya kawaida, nami nina haki ya kurusha kinga dhidi yake.

Nimeshika swali moja ambalo hunitatulia karibu kila mgogoro wa namna hii: uwezo huu unasubiri mrusho gani, na je, mrusho huo umefanyika? Chukua silaha zenye Torrent, zile zinazorusha moto. Hizo hupiga zenyewe, bila dadu ya kupiga. Kwa hiyo hata kiongozi akizipa Lethal Hits au Sustained Hits, uwezo unaozaa mapigo ya ziada kwa kila sita ya kupiga, hazifaidiki na lolote, maana hakuna dadu iliyorushwa ambayo ingeweza kuleta sita. Nimewaona watu wazima wakirusha dadu za kupiga kwa silaha za moto ili tu watafute sita. Hapana. Silaha imeshapiga, nenda kwenye kujeruhi.

Lethal Hits na Sustained Hits zikikutana katika silaha moja, mambo huwa mazuri zaidi, na hapa ndipo watu huwa wanajinyima. Tuseme una Sustained Hits 1. Sita yako inazaa pigo moja la ziada. Ile sita yenyewe inajeruhi moja kwa moja kwa Lethal Hits, lakini lile pigo la ziada halikutokana na dadu yake lenyewe, kwa hiyo si pigo kuu. Linakwenda kurusha dadu ya kujeruhi kama mapigo mengine. Na likipata sita huko, Devastating Wounds inaamka! Uwezo wa aina tatu, sita moja ya kupiga, na kila mmoja umefanya kazi yake mahali pake. Ninapenda sana hesabu ya namna hii inapokaa sawa, na huwa naitenganisha kwa dadu za rangi mbili ili mwenzangu aone mapigo ya ziada ni yapi.

Kuna Anti pia. Silaha yenye Anti-Infantry 4+ inapowashambulia askari wa miguu, mrusho wa kujeruhi wa 4, 5 au 6 bila nyongeza unahesabiwa kuwa jeraha kuu. Ukiwa na Devastating Wounds kwenye silaha hiyohiyo, nusu ya dadu zako za kujeruhi zinapita kinga. Mimi kikosi cha namna hiyo sikitafutii kiongozi wa Lethal Hits. Uwezo wa aina mbili utakuwa unagombania dadu moja, na kila shambulio linalojeruhi lenyewe linapoteza nafasi yake ya kuwa jeraha kuu.

Jambo jingine linalozua kelele ni Feel No Pain, uwezo wa sanamu kuokoa uhai uliokuwa upotee. Watu huiita kinga kwa sababu nayo hurushiwa dadu, kisha wanasema Devastating Wounds imeifuta. Si kinga. Inakuja baadaye, wakati sanamu inapopoteza uhai, na unarusha dadu moja kwa kila pointi ya uhai inayotaka kupotea. Jeraha lenye madhara 3 lililopita kinga yako bado linakupa dadu tatu za Feel No Pain. Zirushe zote, usikubali kunyang'anywa.

Na ukisoma kijitabu cha zamani, angalia masahihisho yaliyofuata. Toleo lilipoanza, madhara ya Devastating Wounds yaliyozidi uhai wa sanamu moja yalimwagika kwa iliyofuata, na kikosi kizima kiliweza kufutwa na dadu chache. Baadaye mwaka huohuo wa 2023 hilo likabadilishwa: kinachozidi kinapotea. Magomvi mengi ninayoyasikia ni ya watu wawili waliosoma karatasi za miezi tofauti, kila mmoja akiwa na haki kwa karatasi yake.

Turudi mezani. Dadu nyingine nne za mpwa wangu zilikuwa zimepiga bila sita. Nikamwambia azirushe za kujeruhi. Moja ikatua sita. Hiyo ndiyo Devastating Wounds yake halali, na sanamu yangu moja ikaondoka bila kurushiwa kinga. Zile tatu nilizizuia mbili. Alinuna kidogo, akachukua kanuni akaenda nazo kwenye kiti cha pembeni, akawa anasoma wakati mimi nasogeza vikosi vyangu.

Raundi mbili baadaye alisogeza silaha yake ya Melta 2 hadi ndani ya nusu ya umbali wake, akalenga jitu langu kubwa lililobakiwa na uhai 4. Jitu hilo hupunguza kwa nusu madhara ya kila shambulio linalolipata. Akapiga, akajeruhi, kinga yangu ikashindwa. Dadu ya madhara ikaonyesha 4. Melta ikiwa karibu inaongeza 2, nami nikahesabu kwa sauti: 4 na 2 ni 6, nusu yake 3, jitu limebaki na uhai 1.

"Mjomba, gawanya kwanza."

Akanifungulia ukurasa. Kugawanya hutangulia kuzidisha, kisha kujumlisha, kisha kutoa. Nusu ya 4 ni 2, ongeza 2 ya Melta, jumla 4. Nilikuwa nimecheza na jitu lile mara nyingi bila kukutana na Melta kwa karibu, na kichwani nilikuwa nimeshajizoesha kwamba nusu huja mwisho. Nikausoma mstari huo mara mbili, nikamrudishia kitabu, nikaliondoa jitu mezani.