Sidii Niliyoirudisha Dukani

Jumamosi moja ya Novemba 1992 nilirudi katika duka la santuri kuukuu mjini Leeds nikiwa na sidii mfukoni na maneno ya malalamiko niliyoyafanyia mazoezi njia nzima, kwa maana nilikuwa na hakika kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Nilikuwa nimeinunua Jumatano kwa pauni 5, fedha ambayo kwangu mimi mwanafunzi ilikuwa chakula cha siku tatu. Ilikuwa albamu ya Doppelgänger ya kundi la Curve la London, iliyotoka mwezi Machi mwaka huohuo na kupanda hadi nafasi ya 11 katika chati ya Uingereza. Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenitia hamu aliponieleza kuwa hiyo ni roki ya viwandani, yenye ngoma za mashine na magitaa yanayonguruma, lakini anayeimba ni mwanamke.

Sina budi kueleza masikio niliyokwenda nayo. Nimezaliwa na kulelewa Tanga, katika taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na katika muziki huo sauti ya mwimbaji Shakila hukaa mbele kama bibi harusi, ala zote zikimfuata kwa adabu. Maneno yasiposikika, wa kulaumiwa ni fundi mitambo. Basi usiku ule wa Jumatano nilipoiweka sidii katika redio yangu ndogo, nilichosikia kilikuwa ukuta wa mngurumo, na nyuma ya ukuta huo mwanamke akiimba kama aliyefungiwa chumba cha pili. Nilipoongeza sauti, mngurumo nao ulipanda pamoja naye. Nikaitoa sidii, nikaielekeza kwenye taa, nikaona karibu na ukingo mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, nikajiambia kwamba mchawi ni huyu. (Sidii husomwa kuanzia katikati, kwa hiyo mkwaruzo wa ukingoni usingeweza kuudhuru wimbo wa kwanza, hilo nililijua baadaye sana.)

Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu na fulana nzito ya sufu. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaichukua sidii, akaipangusa kwa pindo la fulana, si kwa kuizungusha kama nilivyozoea kufanya mimi, bali kwa mikupuo mifupi kutoka katikati kwenda nje, kisha akaiweka katika mashine ya dukani. Ukuta uleule ukasimama tena, safari hii katika spika kubwa.

“Unasikia, bwana?” nilimwambia. “Sauti yake imezama.”

“Haikuzama,” alinijibu. “Imewekwa hapo kwa makusudi.” Akanipa hedifoni nyeusi zenye waya uliojikunja kama chemchemi, akarudi kupanga santuri zake.

Nilisimama pale, koti mwilini, kwa muda ambao sikuupima. Katika wimbo wa pili, Horror Head, ndipo nilipogundua kwamba sauti ya Toni Halliday, mwimbaji wa Curve, haikuwa moja. Ilikuwa imerekodiwa tabaka juu ya tabaka: moja upande wa kushoto, nyingine kulia, na katikati kitu kilichokaribia kuwa pumzi tu. Chini yake lilitembea gita la besi la Dean Garcia, ambaye zamani alilipigia kundi la Eurythmics, na juu ya besi hiyo midundo ya mashine na magitaa mengi yaliyosagwa hadi yakawa kama mvuke. Albamu hiyo Curve waliitayarisha pamoja na mtayarishaji Flood, na aliyechanganya sauti zake ni Alan Moulder. Majina hayo niliyasoma katika kijitabu nikiwa nimesimama pale pale, nami nikakumbuka kwa aibu kwamba nilikuwa nimekuja kuwashtaki.

Lililonishika zaidi ni kwamba mwanamke yule hakupiga kelele hata mara moja. Baba yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ili kutoa singa, na nilipokuwa mtoto nilizoea kumpelekea chakula. Wageni waliofika pale walipayuka hadi mishipa ikawatoka shingoni, na hakuna aliyewaelewa. Baba hakuwahi kupayuka. Alikusogelea, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini karibu na sikio, nawe ukayapata maneno yote. Halliday alifanya jambo lilelile, tena kwa ubaridi fulani, kana kwamba mashine ni yake na hana sababu ya kushindana nayo. Waimbaji wengi wa muziki wa namna hii, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume, walichagua kushindana, na kwa maoni yangu mashine iliwashinda.

Niliondoka na sidii yangu. Wiki zilizofuata nilizitafuta rekodi zao fupi tatu za mwaka 1991, Blindfold, Frozen na Cherry, zenye nyimbo nne kila moja, na mpaka leo nazipenda kuliko albamu zilizokuja baadaye, hata Come Clean ya 1998, ambamo mashine zimekuwa nzito zaidi.

Niliporudi nyumbani kwa likizo nilikuwa nimezirekodi baadhi ya nyimbo katika kaseti, nikamwekea baba barazani bila kumweleza chochote. Alisikiliza upande mzima wa kaseti huku ameinamisha kichwa vilevile. Ulipokwisha, aliniuliza mashine ile iko wapi, kwa sababu kwa anavyoisikia, haijatiwa grisi siku nyingi.