Siku Moja Maishani Mwangu: Bendi ya Watoto 34 na Kipande cha Nne

Saa kumi na moja na robo alfajiri, kabla makanga wa kwanza hajaanza kuita abiria mtaani kwetu Umoja, huwa nimekwisha kuketi mezani nikiwa na chai, penseli na nakala za muziki. Ninafundisha muziki katika shule moja ya Eastlands, na bendi yangu ina watoto 34 wa umri wa miaka 10 hadi 14: fluti 4, klarineti 9, saksafoni 5, tarumbeta 7, tromboni 3, tyuba 1 na wapiga ngoma 5. Tamasha letu la muhula wa pili limebakiza majuma matatu. Vipande vitatu watoto wamekwisha kuvizoea, na leo ni sharti niamue cha nne, ambacho ndicho kitakachofunga tamasha.

Katika nakala ya kiongozi, fluti huandikwa juu kabisa, nazo tyuba na ngoma huwa karibu na mwisho wa ukurasa. Kwa kawaida mtu huisoma kuanzia juu, kwa kuwa ndiko wimbo uliko. Mimi huisoma kuanzia chini na katikati: tyuba kwanza, kisha tromboni, kisha klarineti ya pili na tarumbeta ya tatu, yaani zile zinazopewa sehemu za chini katika safu zao, na fluti huja mwisho. Nilijifunza hivyo kwa uchungu. Mwaka juzi nilichagua kipande kilichopendeza mno masikioni mwangu, nikakiongoza hadi tamashani, na wazazi wakapiga makofi. Jumatatu iliyofuata mvulana wa tarumbeta ya tatu alinirudishia ala yake ikiwa imefutwa ikang'aa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, hata nisipokuwepo hakuna atakayejua." Nilirudi kwenye karatasi yake nikakuta nimempa nota mbili tu, zikirudiwa kuanzia mwanzo wa kipande hadi mwisho. Tangu siku hiyo sikichagui kipande kabla sijauliza mtoto wa mwisho atafanya nini ndani yake.

Alfajiri hii nina vipande viwili mezani. Cha kwanza kimetoka Marekani, ambako wachapishaji wengi huvipanga vipande vya bendi kwa ngazi, kuanzia ya 1 kwa wanaoanza hadi ya 5 au 6 kwa waliokomaa, nacho ni cha ngazi ya 2. Cha pili nimekiandaa mwenyewe kutokana na wimbo wa kienyeji wa Magharibi mwa Kenya, ukisindikizwa na mdundo wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Ngazi hizo za wachapishaji zina msaada, lakini zilipangwa kwa kuwatazama watoto wengine. Mapigo matatu yanayopishana na mawili huhesabiwa kuwa magumu, ilhali watoto wangu huyapiga kwenye madawati wakati wa mapumziko bila ya kufundishwa na mtu, kwa sababu wameyasikia kanisani na harusini tangu wakiwa wamebebwa mgongoni. Kinyume chake, kipande cha polepole chenye nota ndefu huwekwa katika ngazi ya chini kwa kuwa karatasi yake haina weusi mwingi, na hicho ndicho kinachowashinda. Kushikilia nota moja kwa mapigo manane, kwa sauti isiyotetemeka wala kushuka, kunahitaji pumzi na subira ambazo mtoto wa miaka 11 hujengewa kidogo kidogo. Kipande cha Marekani ni cha aina hiyo. Ni kizuri, lakini kinahitaji miezi, nami nina majuma. Kufikia saa kumi na mbili nimekirudisha kwenye bahasha, nikakiandikia kwa penseli, "Muhula wa kwanza mwakani."

Safari ya Jogoo Road haina la kusimulia leo, ila kwamba matatu ilikuwa kimya, jambo la nadra, nikapata nafasi ya kuimba moyoni sehemu ya tyuba kutoka mwanzo hadi mwisho. Saa moja na nusu nafungua stoo. Ni Julai, na chuma cha tarumbeta ni baridi kiasi cha kuuma vidole. Nahesabu ala, naandika zilizo na kasoro, nafunga. Kuanzia saa mbili hadi adhuhuri nafundisha madarasa ya Gredi ya 7 na ya 8, ambayo yanastahili siku yake na masimulizi yake.

Saa saba anafika Mzee anayetutengenezea ala. Alipiga klarineti katika bendi ya askari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa huja kila wiki mbili na kisanduku chake cha bati. Tunakula githeri kwanza, kisha anaikagua klarineti iliyokuwa ikilia kwa taabu tangu Ijumaa. Anachukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, anaipitisha chini ya kila kifuniko cha tundu, anakibonyeza kifuniko, kisha anaivuta karatasi taratibu. Kifuniko kinachoziba sawasawa huing'ang'ania karatasi, na kile kinachovuja huiachia. Cha sita kikaiachia. "Binti yako hana kosa," akaniambia, "hewa ilikuwa ikimtoroka hapa." Nilihisi aibu, kwa kuwa siku ya Ijumaa nilikuwa nimemwambia msichana huyo akaze midomo.

Mzee ni mzaliwa wa Mombasa, na hupenda kunikumbusha kwamba watu wa pwani walicheza beni, ngoma ya kuiga bendi za gwaride, tangu miaka ya 1890, wakilichukua hata jina lenyewe kutoka kwenye bendi za kigeni, na kwamba hawakungoja ruhusa ya mtu ili waziimbe nyimbo zao kwa Kiswahili. Nilipomwonyesha kipande changu, aliusoma mstari wa tyuba kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mtoto wa tyuba umempa wimbo," akasema. Ndivyo. Nililijifunza hilo kwa Gustav Holst, Mwingereza aliyekuwa pia mwalimu wa muziki wa shule. Mkusanyo wake wa kwanza wa vipande vya bendi ya kijeshi, wa mwaka 1909, huanza kwa wimbo wa vipimo vinane, yaani vikundi vinane vya mapigo, ambao hupigwa kwanza na ala za chini, tyuba ikiwemo, kabla bendi nyingine haijaupokea. Muziki wenyewe ni mgumu mno kwa watoto wangu, lakini ukarimu huo wa kumpa mtu wa chini neno la kwanza unaweza kuigwa katika ngazi yoyote. Katika kipande changu, mvulana wa tyuba ndiye anayeanza, peke yake, kwa vipimo vinane.

Saa tisa na dakika arobaini mazoezi yanaanza katika bwalo la chakula, baada ya viti kupangwa na meza kusukumwa ukutani. Hatulinganishi sauti mara moja. Hewa iliyo ndani ya ala inapopata joto, sauti hupanda, kwa hiyo bendi iliyolinganishwa ikiwa baridi huwa imepotoka baada ya robo saa. Tunapiga skeli polepole kwa dakika kumi, ndipo tyuba inatoa nota ya B-flati na wengine wanaifuata, safu baada ya safu.

Kisha wimbo wa taifa, ambao kila tamasha letu huanza nao. Leo watoto waliupiga kwa vishindo, kama wanaopita mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Niliwaomba waweke ala magotini, nikawaeleza kwamba wimbo huu, uliotayarishwa kwa ajili ya uhuru mwaka 1963, lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Tuliuimba kwa midomo iliyofungwa, mara mbili, kwa sauti ya mtu aliye na mtoto mapajani. Waliporudi kwenye ala, tarumbeta hazikuhitaji kuambiwa zipunguze sauti.

Saa kumi na robo tunaufikia wimbo wa Magharibi, na hapa ndipo siku yote ilipokuwa ikielekea. Mdundo haukuwasumbua hata kidogo. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu zenye ukubwa tofauti, na wapiga ngoma wangu waligawana nafasi hizo kwa ngoma tulizo nazo, wakaelewana kwa kutazamana tu. Tyuba ikaanza vipimo vyake vinane, kwa woga kidogo katika viwili vya kwanza, kisha kwa sauti pana iliyowafanya wenzake wageuke kumtazama. Taabu ilitokea klarineti ya pili zilipoingia.

Nilikuwa nimeuandika wimbo katika ufunguo wa E-flati, yaani do yake ikiwa nota ya E-flati. Kwa klarineti, ufunguo huo unaivusha lahani mahali ambapo karibu vidole vyote vimeinuliwa, na nota inayofuata inadai vyote vishuke kwa pamoja na kuziba kila tundu, huku kidole gumba kikibonyeza kifunguo cha nyuma. Kidole kimoja kikiacha upenyo mwembamba, ala hupiga yowe. Msichana yule yule wa Ijumaa, sasa akiwa na klarineti nzima, alijaribu mara nne. Nilisogea nikatazama mkono wake. Kidole chake cha mwisho ni kifupi, na ili kifike mahali pake ilimbidi aukunje mkono wote, na mkono ulipokunjwa kidole cha pete kiliinuka na kuacha tundu wazi. Alinitazama, macho yamelowa kidogo. "Mwalimu, nyumbani inakubali. Hapa inakataa."

Njia rahisi ilikuwa kumpa nota mbili za chini, azirudie hadi mwisho. Nilimkumbuka mvulana wa tarumbeta.

Nikawaambia wote waimbe wimbo kwa solfa, do yao ikiwa B-flati, chini ya ile tuliyoizoea. Kwa hesabu hiyo lahani yote, ambayo haipandi kupita nota ya "la", inakaa upande mmoja wa klarineti, na msichana hahitaji kuvuka popote. Bei ya uamuzi huo ipo. Tarumbeta zinapoteza mng'ao kwa kushushwa, na tromboni zinaipata C ya chini, ambayo hupatikana katika nafasi ya sita ya mrija, mkono ukiwa umenyooshwa karibu wote. Nilimwita mdogo kuliko wote katika safu ya tromboni anionyeshe. Alinyoosha mkono mpaka bega likageuka, na sauti ikatoka, lakini ikiwa imechelewa. Basi C hiyo wataibeba wenzake wawili warefu, naye atapewa mwendo wa B-flati, D na F, ambao mkono wake unaufikia na ambao unasikika waziwazi ngoma zinaponyamaza. Mng'ao wa tarumbeta nitaufidia kwa kuzipa mwito mfupi wa juu mwishoni. Tuliachana saa kumi na moja na nusu, na kipande cha nne kikawa kimeamuliwa.

Saa mbili na nusu usiku, baada ya chakula cha jioni, nafungua kompyuta na kukihamisha kipande chote katika B-flati kwa programu ya MuseScore, ambayo hutolewa bila malipo. Kompyuta huhamisha nota kwa sekunde chache. Mahali pa kupumua haipajui, kwa hiyo hapo narudi kwenye penseli na kuiandika kila pumzi mwenyewe, nikiimba kila sehemu kwa sauti ya chini ili jirani asiamke. Sehemu ya klarineti ya pili naiacha iwe ya mwisho. Nimempa vipimo vinne vya lahani peke yake na tyuba, mara tu baada ya ngoma kutulia, na nimehakikisha vipimo hivyo vinne vimeangukia mstari mmoja, katikati ya ukurasa, ambako macho yake hayatapotea. Kesho saa moja asubuhi nitapita saiba kutoa nakala 34.