Kumbukumbu ya mradi: kulinganisha nakala za Narnia, Moshi

Masika yameanza na nakala 11 za Narnia, vitabu vya hadithi za watoto vya C. S. Lewis, zimeshakaguliwa, zote za mtumba kutoka meza za Moshi na Arusha. Kinachotafutwa ni maneno ya ndani. Lewis alibadilisha baadhi ya sehemu kwa ajili ya chapa za Marekani, na wachapishaji Macmillan wa huko wakabaki na maneno hayo mpaka mwaka 1994, wachapishaji HarperCollins waliporudisha yale ya Uingereza.

Kipimo cha haraka kiko kwenye kitabu cha kabati (The Lion, the Witch and the Wardrobe, 1950): mbwa mwitu, mkuu wa polisi wa siri wa Mchawi. Akiitwa Maugrim, hayo ni maneno ya Uingereza. Akiitwa Fenris Ulf, ni chapa ya zamani ya Marekani. Kitabu cha safari ya baharini (The Voyage of the Dawn Treader, 1952) kinataka subira. Fungua sura ya 12, meli inapotoka gizani. Kwa Waingereza, mabaharia wanang'amua kwamba hapakuwa na cha kuogopa tangu mwanzo. Kwa Wamarekani sentensi hiyo haipo. Badala yake kuna mfano wa mtu anayeamka kutoka jinamizi, jua limejaa dirishani na muuza maziwa anasikika huko chini. Haya ya Marekani ni bora zaidi, kwa sababu hayaidharau hofu ya Rhoop, mtu waliyemwokoa humo, aliyeteseka miaka mle gizani. Inauma kwamba chapa za sasa hazina.

Usinukuu kwa namba ya ukurasa, kwani kurasa za chapa mbili haziendi sambamba. Andika sura na aya. Wala usidanganywe na mwaka wa haki miliki: 1950 hubaki palepale hata kitabu kikichapwa miaka 40 baadaye. Nyuma ya ukurasa wa jina, tafuta mstari wa namba kama 10 9 8 7 6. Ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa uliyoishika. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya tarakimu 13 peke yake ni dalili ya mwaka 2007 au baada yake.

Nakala nne migongo imepasuka, maana gundi ya zamani hukauka ikawa kama kigae. Kwangua mabaki, sawazisha kurasa, paka gundi nyeupe ya PVA safu mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke. Funika kwa karatasi ya nta, kandamiza kwa tofali saa 24. Ukipaka nene, gundi hupenya kati ya kurasa na kitabu hakifunguki tena. Ukurasa uliochanika unataka uji wa wanga wa ngano (kijiko 1, maji vijiko 5, koroga motoni hadi ung'ae) na kipande cha karatasi nyembamba. Selotepu usiiguse: hugeuka njano, huacha doa lisilotoka.

Mbili ziko chini ya tofali sasa. Ya tatu ina ukungu, kwa hiyo imefungwa peke yake kwenye karatasi kavu, mbali na rafu, mpaka mvua zipungue ipate kuanikwa kivulini.